Van Zanten: Mwalimu wa marubani aliyepaa kabla ya kuruhusiwa

HABARI zilipofika Uholanzi jioni ya Jumapili, Machi 27, 1977, kwamba ndege mbili kubwa zilikuwa zimegongana katika kisiwa cha Tenerife, baadhi ya wakuu wa shirika la KLM walianza kumtafuta Kapteni Jacob Veldhuyzen van Zanten. Walitaka awe miongoni mwa watakaotumwa kuuchunguza mkasa huo, kwani ni wachache mno walioifahamu Boeing 747 kama alivyoifahamu yeye. Muda si muda ikabainika kuwa ndiye aliyekuwa akiiendesha mojawapo ya ndege hizo, na kwamba alikuwa amefariki pamoja na wote waliokuwemo.

Watu 583 waliangamia siku hiyo. Hadi leo haijatokea ajali ya ndege iliyoua watu wengi zaidi.

Van Zanten alizaliwa mwaka 1927 katika mji wa Lisse, eneo la Uholanzi linalosifika kwa mashamba ya maua. Alijiunga na KLM mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla ya ndege za jeti kuenea, akapanda ngazi taratibu. Alipotimiza umri wa miaka 50 alikuwa na zaidi ya saa 11,000 za urubani, zaidi ya 1,500 kati yazo akiwa katika 747. Alikuwa mkuu wa mafunzo ya marubani wa ndege hiyo, na sura yake ilitumiwa katika matangazo ya shirika. Kwa Waholanzi wengi waliosafiri, huyo ndiye aliyekuwa taswira ya rubani wa kuaminika.

Cheo hicho kilikuwa na upande wake wa pili. Mkufunzi hutumia sehemu kubwa ya wakati wake katika mtambo wa kuigiza safari, chumba kilichoundwa mfano wa sehemu ya rubani lakini kisichoondoka ardhini. Humo hakuna mnara wa kuongoza ndege. Mkufunzi mwenyewe ndiye anayejifanya mnara; akiona mwanafunzi yu tayari, humpa ruhusa, na zoezi likaendelea. Van Zanten alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka, na majuma kadhaa yalikuwa yamepita tangu aendeshe safari ya kawaida ya abiria. Wachunguzi wa Uhispania waliligusia jambo hili katika ripoti yao. Kwa maoni ya mwandishi huyu, lina uzito kuliko wengi wanavyolipa.

Safari ya siku hiyo ilikuwa ya watalii, kutoka Amsterdam hadi Las Palmas katika Visiwa vya Canary. Mchana, bomu lililotegwa na kundi lililopigania uhuru wa visiwa hivyo lililipuka katika uwanja wa Las Palmas, na kukawa na tishio la bomu la pili. Ndege zilizokuwa njiani zikaelekezwa Los Rodeos, uwanja mdogo wa Tenerife uliokuwa na barabara moja tu ya kurukia. Miongoni mwazo ilikuwemo 747 nyingine, ya shirika la Pan American la Marekani, iliyokuwa imetoka Los Angeles kupitia New York.

Uwanja ulifurika hadi ndege zikaegeshwa katika njia ya pembeni ambayo kwa kawaida hutumika kuelekea mahali pa kurukia. Las Palmas ilipofunguliwa tena, Wamarekani walikuwa tayari kuondoka lakini ndege ya KLM iliwazibia njia. Van Zanten alikuwa ameamua kujaza mafuta hapo hapo, lita zipatazo 55,000, ili asipoteze wakati Las Palmas. Alikuwa na sababu ya kuhesabu dakika. Sheria mpya za Uholanzi zilibana saa za kazi za marubani, na kapteni aliyezikiuka angeweza kushtakiwa. Angechelewa, ingembidi awatafutie malazi abiria zaidi ya 230 katika kisiwa kilichokuwa tayari kimejaa wageni.

Los Rodeos uko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na mawingu huteremka na kuutandaza ukungu bila kubisha hodi. Ndivyo ilivyokuwa jioni hiyo. Ndege ya KLM iliagizwa ipite juu ya barabara ya kurukia hadi mwisho wake, kisha igeuke. Ile ya Pan American ikaagizwa iifuate nyuma na kuchepuka katika njia ya tatu upande wa kushoto. Wamarekani waliipita njia hiyo, iliyodai wakate kona kali isiyoifaa ndege ya ukubwa huo, wakaendelea kuelekea ya nne. Waongozaji mnarani hawakuiona ndege hata moja kwa sababu ya ukungu, na uwanja haukuwa na rada ya kufuatilia ndege zikiwa ardhini. Kila mmoja aliwajua wenzake kwa sauti ya redio tu.

Baada ya kugeuka, Van Zanten alianza kusukuma mitambo. Msaidizi wake, Klaas Meurs, akamkumbusha kuwa hawajapewa ruhusa. Kapteni akaacha na kumwambia aiombe. Meurs akaunganisha maombi mawili katika kauli moja: kwamba wako tayari kupaa, na kwamba wanasubiri maelekezo ya njia watakayofuata angani. Mnara ukajibu la pili tu. Ukawasomea njia, na katika maelezo hayo likatajwa neno la kupaa, kwa maana ya upande watakaoelekea wakishapaa. Hiyo haikuwa ruhusa ya kuondoka. Van Zanten aliichukulia kuwa ndiyo, na Meurs akiwa bado anayarudia maelekezo redioni, akaachilia breki.

Meurs akamalizia kwa haraka kwa maneno ya Kiingereza yenye utata, yanayoweza kumaanisha wako mahali pa kupaa au tayari wanapaa. Mwongozaji alielewa la kwanza. Akaitikia kwa neno la kukubali, akanyamaza kidogo, kisha akawaambia wasubiri hadi atakapowaita. Katika sekunde hizo hizo Wamarekani, waliokwisha kuingiwa na wasiwasi, walitangaza kuwa bado wako barabarani. Redio za ndege haziwezi kubeba sauti mbili kwa pamoja katika masafa yale yale. Kilichofika masikioni mwa akina Van Zanten ni lile neno la kukubali, kisha mlio mkali uliozimeza jumbe mbili ambazo yoyote kati yazo ingewaokoa.

Nafasi moja ilibaki. Mnara uliwataka Wamarekani waarifu watakapotoka barabarani, nao wakaahidi kufanya hivyo. Mhandisi wa ndege ya KLM aliyasikia hayo na kuuliza iwapo wenzao wameshaondoka. Kapteni akajibu kwa mkazo kuwa wameondoka. Hakuna aliyeuliza tena.

Wapo wanaomsimulia Van Zanten kama mtu wa kiburi aliyepuuza kila mtu. Hadithi hiyo ni nyepesi mno. Dakika moja kabla alikuwa ameonywa na akatii. Lakini aliyemwonya alikuwa rubani aliyemfanyia mtihani wa 747 miezi kama miwili tu iliyopita. Kumsahihisha mwalimu wako mara moja kunahitaji ujasiri, mara ya pili ndipo ulimi huwa mzito. Ukubwa wa jina lake uliwanyamazisha waliomzunguka pasipo yeye kuwaagiza wanyamaze.

Alipoiona ndege ya Pan American ikitokeza ukunguni, alijaribu kuiinua yake hata mkia ukakwaruza barabara. Iliruka, lakini sehemu yake ya chini iliikumba ile nyingine. Watu wote 248 wa KLM walikufa. Kati ya 396 wa Pan American walinusurika 61, akiwemo kapteni wao, Victor Grubbs.

Ripoti ya Uhispania ya 1978 ilimtwika Van Zanten lawama kuu. Waholanzi walisisitiza kuwa kutoelewana kulikuwa kwa pande zote, ingawa KLM ilikubali kuwajibika na kulipa fidia.

Kusikia vibaya redioni hakukuwa jambo geni, hata kwetu. Mwaka 1974, 747 ya British Airways iliyokuwa ikikaribia Nairobi iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500, marubani wakasikia 5,000. Uwanja wa Nairobi wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Walitoka mawinguni wakaiona ardhi i karibu, wakainua ndege na kunusurika.

Baada ya Tenerife, neno la Kiingereza la kupaa liliwekewa mipaka: hutamkwa tu ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa. Kwingineko hutumika neno la kuondoka. Rubani sharti arudie agizo neno kwa neno badala ya kuitikia tu. Mashirika, KLM likiwemo, yalianza kuwafunza wasaidizi namna ya kumpinga kapteni, na makapteni namna ya kuwasikiliza.

Uwanja mpya ulifunguliwa kusini mwa Tenerife mwaka 1978, lakini Los Rodeos ungali unatumika. Mwaka 2007, miaka 30 baada ya ajali, mnara wa kumbukumbu wenye umbo la ngazi ya kuzunguka ulizinduliwa katika kilima cha Mesa Mota, kwa ajili ya waliokufa katika ndege zote mbili.