Lord Delamere na maradhi yaliyojificha udongoni Njoro

MSAFIRI anayetoka Sachangwan akapitia Molo na Elburgon kuteremka hadi Njoro huyaona malisho ambayo mfugaji yeyote angeyatamani. Ndiyo yaliyomnasa Hugh Cholmondeley, maarufu kama Lord Delamere, zaidi ya karne moja iliyopita, nayo nusura yamfilisi.

Bwana huyo alizaliwa Uingereza Aprili 28, 1870, na kurithi cheo na mashamba ya ukoo wao akiwa na umri wa miaka 17 tu. Masomo hayakumvutia. Mwaka wa 1891 alianza safari za kuwinda simba katika nchi ya Wasomali.

Katika mojawapo ya safari hizo simba alimwangusha na kumrarua mguu. Aliyemwokoa ni mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, aliyemrukia mnyama huyo kwa mikono mitupu hadi bwana wake akaifikia bunduki. Delamere alichechemea maisha yake yote. Jina la Ashur halitajwi sana, ingawa bila yeye habari hii isingekuwapo.

Mwaka wa 1897, baada ya kuvuka Ethiopia akiwa na msafara wa ngamia, alifika katika nyanda za juu za Kenya. Alirejea baadaye na mkewe, Lady Florence, na serikali ya kikoloni ikamkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Kodi ilikuwa pauni 200 kwa mwaka. Shamba hilo aliliita Equator Ranch.

Mwaka huo huo wa 1904 alipokuwa akijipanga, Wamaasai walitiwa katika mkataba uliowaondoa Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi. Jambo hilo halina budi kukumbukwa kila tunaposoma kuhusu hasara zake.

Hasara zenyewe zilikuwa kubwa. Alinunua madume ya kondoo kutoka Uingereza ili wapande kondoo jike 11,000 wa Kimaasai, kisha akaagiza kondoo jike 500 aina ya merino kutoka New Zealand. Muda si muda, wanne kati ya kila watano wa merino hao walikuwa wamekufa. Ng'ombe wa kigeni nao waliandamwa na homa ya mapafu na ugonjwa wa kukojoa damu unaoenezwa na kupe.

Maradhi ya ng'ombe yalikuwa na majina. Lakini kondoo walidhoofika huku wamesimama kwenye nyasi tele. Walikonda, wakaishiwa damu, wakaanguka. Hapakuwa na kupe wala homa ya kusingiziwa.

Daktari yeyote wa mifugo anaujua mtego wa namna hiyo. Mbwa akiletwa kwake akichechemea mguu wa nyuma, mwenye mbwa huwa ameshaamua kuwa ni mwiba. Daktari mzoefu huutazama wayo, kisha hulishika goti: mkono mmoja huuzuia mfupa wa paja, wa pili huusukuma muundi mbele. Muundi ukiteleza, kano ya ndani ya goti imekatika, na mara nyingi picha ya eksirei huonyesha kiungo kilichoanza kuharibika kitambo. Maumivu yanaonekana mahali pamoja, chanzo kiko kwingine.

Huko Njoro chanzo kilikuwa chini ya kwato. Wamaasai, waliochunga ng'ombe katika bonde hilo vizazi na vizazi, walikuwa wakiliepuka eneo hilo. Hawakuwa na maabara. Walikuwa na macho. Delamere aliwaheshimu Wamaasai na kuwaajiri kuchunga mifugo yake, lakini kabla ya kulichukua shamba hakutafuta kujua kwa nini nyasi nzuri namna ile hazikuwa na mchungaji.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa udongo huo ulipungukiwa na madini ya chuma. Ugonjwa ulienea kiasi cha kuitwa kwa jina la mji wa Nakuru, Nakuruitis. Mwaka wa 1935, watafiti wa Australia waliokuwa wakichunguza mifugo iliyodhoofika vivyo hivyo kwao walitambua kuwa kilichokosekana ni kobalti, madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo mno. Viumbe wadogo walio tumboni mwa kondoo huitumia kobalti kutengeneza vitamini B12. Pasipo vitamini hiyo mnyama hudhoofika ijapokuwa amekula akashiba.

Jibu hilo halikumkuta Delamere hai. Alikuwa ameihamishia mifugo Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, na kupanda ngano Njoro. Ngano nayo ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Safari hii hakubahatisha: alijenga maabara shambani na kumwajiri mtaalamu wa mbegu, G. W. Evans, atafute aina zinazostahimili. Njoro ingali kituo cha utafiti wa ngano hadi leo.

Alifariki Novemba 13, 1931, akazikwa Soysambu, huku benki zikimdai pauni nusu milioni. Barabara ya Nairobi iliyobeba jina lake ikaja kuitwa Kenyatta Avenue, na sanamu yake ikang'olewa.

Siku hizi mfugaji wa Molo au Njoro hununua dukani chumvi ya mifugo, akaitundika zizini ilambwe. Mwenye kusoma maandishi ya pakiti yake ataikuta kobalti imetajwa humo.