Baa iliyoipa bendi ya Franco jina

Nilipokuwa kijana, kila nilipoona herufi O.K. kwenye santuri za Franco nilidhani ni lile neno la Kizungu la kukubali jambo. Kumbe nilikosea. Herufi zile zilikuwa za baa, na baa ilikuwa na mwenyewe.

Marehemu François Luambo Makiadi, maarufu kwa jina la Franco, alizaliwa Sona Bata, Kongo, tarehe 6 Julai, 1938. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alifariki mapema, na mama akawalea watoto kwa kuuza maandazi sokoni mjini Léopoldville, ambao leo huitwa Kinshasa. Franco alikaa kando ya mama yake akipiga gita la kujiundia, na wateja wakavutiwa. Baadaye Dewayon alimfunza gita la kweli, na mwaka wa 1953 akaingia studio ya Loningisa.

Wanamuziki wa studio hiyo walizoea kutumbuiza katika baa ya Bwana Oscar Kashama. Juni 1956 waliunda bendi, wakaiita OK Jazz kwa heshima yake: O ya Oscar, K ya Kashama. Franco alikuwa hajatimiza miaka 18.

Haukupita muda mrefu, baadhi ya waanzilishi, akiwemo Essous, wakajiondoa. Franco alibaki. Baa ilitoweka, Kongo ikapata uhuru mwaka wa 1960, naye akawa tajiri na kufungua ukumbi wake mwenyewe, Un-Deux-Trois. Angaliweza kuibandika bendi jina lake. Hakufanya hivyo. Hata alipotoa Mario mwaka wa 1985, wimbo uliopendwa sana hapa Kenya, herufi za Oscar zilikuwa pale pale.

Franco alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba, 1989. Baadaye wanamuziki, wakiwa na Simaro Lutumba, walihitilafiana na jamaa ya marehemu, wakaondoka na kuunda bendi yao. Nayo wakaiita Bana OK, yaani watoto wa OK.

Nasi hapa Nairobi tulikuwa na Starlight, ambayo haipo tena. Ni wangapi kati yetu wanaokumbuka waliofungua milango ya kumbi kama hizo? Msomaji, nyota humulika jukwaani, lakini jukwaa pia lilijengwa na mtu. Mtu huyo naye anastahili shukrani.