Vavilov, mkusanya mbegu aliyefia gerezani
Nikolai Vavilov, Mrusi aliyezaliwa Moscow mwaka 1887, aliamini utafiti wa mazao wa taifa huanza na mbegu. Akiongoza taasisi ya mimea mjini Leningrad, alizikusanya hadi Ethiopia, alikofuata ngano na shayiri mwaka 1927. Lakini kuzalisha mbegu bora huchukua miaka mingi, na serikali ya Stalin ilitaka mavuno ya haraka. Trofim Lysenko aliyaahidi, tena bila ushahidi, akasikilizwa.

Vavilov alimpinga. Alikamatwa mwaka 1940, akafariki dunia katika gereza la Saratov mwaka 1943, akiwa amedhoofika kwa njaa. Leningrad ilipozingirwa na majeshi ya Ujerumani, baadhi ya wataalamu wake nao walikufa njaa, wakilinda mbegu za mpunga na karanga bila kuzila.