Ludwig Boltzmann: Mwanasayansi aliyetetea chembe zisizoonekana

MGONJWA anapowekewa kipimajoto kwapani kikaonyesha nyuzi 39, kila mtu nyumbani anajua kwamba ana homa. Lakini ni wachache wanaojiuliza kipimajoto hicho kimepima kitu gani hasa. Jibu ni kwamba kimepima mwendo wa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mmoja wa watu waliotupatia jibu hilo ni Ludwig Boltzmann wa Austria, ambaye alilitetea kwa miaka mingi mbele ya wasomi wenzake waliokataa kuamini kwamba chembe hizo zipo.

Boltzmann alizaliwa Februari 20, 1844 mjini Vienna. Baba yake, aliyekuwa ofisa wa kodi, alifariki dunia wakati kijana huyo akiwa na umri wa miaka 15. Mwaka 1863 alijiunga na Chuo Kikuu cha Vienna na mwaka 1866 akapata shahada ya udaktari. Mwalimu wake, Josef Stefan, alimpa maandiko ya James Clerk Maxwell wa Uskoti asome, pamoja na kitabu cha sarufi ya Kiingereza, kwa kuwa kijana huyo hakujua lugha hiyo. Mwaka 1869, akiwa na miaka 25 tu, aliteuliwa kuwa profesa katika mji wa Graz.

Zamani wasomi wengi walidhani joto ni aina ya kimiminika kinachohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Maxwell na Mjerumani Rudolf Clausius walikuwa wameshaanza kueleza kwamba joto ni mwendo. Boltzmann aliichukua kazi hiyo na kuipeleka mbali zaidi.

Chukua hewa iliyomo chumbani mwako. Imejaa molekuli zinazokimbia huku na huko, kwa wastani zaidi ya mita 400 kwa sekunde, zikigongana na kubadilishana nishati. Nyingine ni za haraka sana na nyingine za polepole. Kiwango cha joto kinatokana na wastani wa nishati ya mwendo huo. Kwa hiyo molekuli moja peke yake haiwezi kusemwa kuwa ni ya moto au baridi, kama vile mkulima mmoja hawezi kuitwa wastani wa mavuno ya kijiji.

Wastani huo ni wa nishati, si wa mwendo peke yake. Molekuli ya oksijeni ni nzito mara 16 kuliko ya haidrojeni. Gesi hizo mbili zikiwa na joto sawa, haidrojeni hukimbia mara nne zaidi, lakini wastani wa nishati ya mwendo ni uleule. Kikombe cha chai nacho hupoa kwa sababu molekuli zake zenye kasi huzigonga za kikombe na za hewa, na kuzigawia nishati. Ukizidi kupoza kitu, mwendo huo hupungua hadi kufikia mwisho wake wa chini, nyuzi 273.15 chini ya sifuri.

Mwaka 1872 Boltzmann alitoa hesabu ya kuonyesha jinsi gesi inavyofikia utulivu huo. Mwaka 1877 alieleza kwa nini chai iliyopoa haijirudishi kuwa moto yenyewe. Njia za nishati kutawanyika ni nyingi kupita kiasi, na za kujikusanya tena ni chache mno.

Mwaka 1876 alimuoa Henriette von Aigentler, mwanamke aliyekuwa amezuiwa kuhudhuria masomo ya chuo kikuu kwa sababu ya jinsia yake. Boltzmann ndiye aliyemshauri akate rufaa. Walijaliwa watoto watano, ingawa mmoja wa kiume alifariki mwaka 1889.

Upinzani dhidi ya kazi yake ulikuwa mkali, hasa katika nchi zinazozungumza Kijerumani. Ernst Mach alishikilia kuwa sayansi haipaswi kujengwa juu ya vitu ambavyo hakuna aliyeviona. Wilhelm Ostwald naye alitaka kueleza kila kitu kwa nishati bila kutaja atomu, na mwaka 1895 walibishana hadharani mjini Lübeck. Hata hivyo, Boltzmann na Ostwald walibaki marafiki.

Boltzmann alihama chuo hadi chuo: Munich, Vienna, Leipzig, kisha Vienna tena. Macho yalidhoofika, pumu ilimsumbua, na kwa miaka mingi aliandamwa na vipindi vya huzuni nzito. Wapo wanaosema ubishi wa atomu ndio uliomuua, lakini ugonjwa huo wa akili ulikuwa naye muda mrefu. Septemba 5, 1906, akiwa mapumzikoni na familia yake huko Duino, ambayo leo iko Italia, alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 62.

Ushindi ulikuwa karibu mno. Mwaka 1905 Albert Einstein alishaeleza jinsi chembe za vumbi majini zinavyotikiswa na molekuli. Kuanzia mwaka 1908 Mfaransa Jean Perrin alithibitisha jambo hilo kwa vipimo, na mwaka 1909 Ostwald mwenyewe akakubali kuwa atomu zipo.

Namba inayounganisha nyuzi za joto na nishati ya chembe ilikokotolewa na Max Planck mwaka 1900, nayo huitwa kwa jina la Boltzmann. Tangu Mei 20, 2019 kipimo rasmi cha joto duniani, yaani kelvini, hakitegemei tena maji kama zamani, bali namba hiyo. Kipimajoto cha zahanati yoyote leo kinafuata hesabu za mtu huyo.