Onnes, bingwa wa baridi aliyefichua siri ya umeme

HEIKE Kamerlingh Onnes alizaliwa Septemba 21, 1853 mjini Groningen, Uholanzi. Babake alimiliki kiwanda cha matofali, kazi ya tanuri na moto, lakini mwana alikuja kuvuma kwa baridi.

Baada ya kusomea Groningen na Heidelberg, Ujerumani, aliteuliwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden mnamo 1882. Azma yake ilikuwa kuzigeuza gesi zote ziwe viowevu.

Kazi hiyo ilihitaji mitungi ya gesi iliyoshindiliwa, ilhali Leiden haikuwa imesahau meli ya baruti iliyolipuka humo mwaka wa 1807. Kwa hofu ya maafa mengine, shughuli zake zilisimamishwa mwaka wa 1895 hadi 1898. Mwaka huo huo wa 1898, mpinzani wake James Dewar alimtangulia kuipata haidrojeni kioevu jijini London.

Onnes hakufa moyo. Mwaka wa 1901 alianzisha shule ya kuwafunza vijana kutengeneza vyombo vya maabara, akijua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Julai 10, 1908, baada ya kutwa nzima ya kazi, heliamu ilisalimu amri na kuwa kioevu katika nyuzi 269 chini ya sifuri. Dewar alikuwa ameshindwa.

Swali likawa: umeme hupitaje katika metali iliyopoa kiasi hicho? Baadhi ya wataalamu waliamini chembe za umeme zingeganda, na ukinzani uongezeke. Aprili 8, 1911, zebaki ilipopozwa kwa heliamu, ukinzani wake ulitoweka ghafla. Vipimo vilichukuliwa na msaidizi wake, Gilles Holst, ila ripoti ilitolewa kwa jina la Onnes pekee. Ndiye aliyetuzwa Nobel mwaka wa 1913.

Hata hivyo, ndoto yake ya kuunda sumaku kubwa isiyopoteza umeme iligonga mwamba. Aligundua kwamba nguvu za sumaku zikizidi kiwango fulani, ukinzani hurejea. Alifariki Februari 21, 1926 mjini Leiden akiwa na umri wa miaka 72, ndoto hiyo ikiwa bado haijatimia.

Waliomfuata waliitimiza kwa kuchanganya metali. Leo, sumaku za namna hiyo zimo katika mashine za MRI hospitalini, nyingi zikipozwa kwa heliamu ile ile. Aidha, mnamo 1986 Georg Bednorz na Alex Müller waligundua kwamba michanganyiko ya shaba na oksijeni, iliyopangika tabaka juu ya tabaka, hupoteza ukinzani bila kuhitaji baridi kali kama ya zebaki. Kwa nini tabaka hizo hufanya hivyo, wanasayansi hawajaafikiana hadi sasa. Mlango alioufungua Onnes ungali wazi.