Wilson na Wingu Lake

Charles Thomson Rees Wilson tunamjua kwa mstari mmoja tu: ndiye aliyebuni chumba cha mawingu, chombo kinachoonyesha njia za chembe zilizo ndogo kuliko atomu. Unauandika kwenye mtihani, unapata alama yako, basi. Mimi naona tunamdhulumu. Wilson hakuanza kwa kutafuta chembe. Alikuwa anatafuta wingu, na alilifuata kwa zaidi ya miaka 60.

Alizaliwa Februari 14, 1869, huko Glencorse, Scotland, mtoto wa mfugaji wa kondoo. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, familia ikahamia Manchester. Alianza masomo akilenga udaktari, lakini alipofika Cambridge fizikia ikamteka. Alihitimu mwaka 1892, na maisha hayakuwa mteremko: kuna kipindi alikwenda kufundisha shule huko Bradford, na aliporudi Cambridge alijipatia riziki kwa kuwaelekeza wanafunzi wa udaktari maabara ya fizikia.

Septemba 1894 alijitolea wiki mbili tu kwenye kituo cha hali ya hewa kilichokuwa kileleni mwa Ben Nevis, mlima wa zaidi ya mita 1,300. Kule juu aliona jua likipiga mawingu, na kivuli chake mwenyewe kikizungukwa na duara za rangi. Akashuka na swali moja: je, naweza kutengeneza kitu hiki maabara?

Mwaka uliofuata akaanza. Ukichukua hewa yenye unyevu ukaipanua ghafla, inapoa, na mvuke unashika vumbi na kuwa matone. Wakati ule ilijulikana kwamba vumbi likikosekana, wingu hakuna. Wilson akaondoa vumbi lote. Lakini alipoipanua hewa hadi ujazo wake kuzidi kama mara 1.25, matone machache yakatokea, na kila akirudia yakatokea tena. Mwingine angesema chombo kichafu, akafunga daftari. Yeye alishuku kuwa mvuke unashika kitu kingine. Mwaka 1896 akapitisha eksirei katika hewa ile, matone yakawa mengi kupindukia. Kitu chenyewe kilikuwa ioni, chembe zenye chaji ya umeme.

Kutoka hapo hadi kuona njia ya chembe mojamoja, mwaka 1911, ilipita miaka 15. Vioo vya vyombo vyake alivipuliza mwenyewe, na vingi vilimpasukia mikononi. Alikuwa mpole, mwenye kigugumizi, si mtu wa kupiga debe. Mwaka 1927 alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Arthur Compton. Miaka mitano baadaye Carl Anderson aliigundua positroni kwa kutumia chumba hichohicho cha mawingu.

Wengi wangeishia hapo. Wilson alikuwa bado na radi. Juni 1895, akiwa mlimani karibu na Ben Nevis, nywele zilimsimama ghafla kwa umeme uliojaa hewani, akatimua mbio. Swali hilo nalo hakuliacha. Alikuja kupendekeza kwamba mvua za radi kote duniani ndizo zinazoendelea kuichaji ardhi kwa umeme. Na radi nyingi za dunia hupiga ukanda wetu wa tropiki, Bonde la Kongo likiwa mstari wa mbele. Miaka ya 1920 alitabiri kuwa umeme unaweza kuruka kutoka juu ya wingu kwenda angani. Picha ya kwanza ya kitu hicho ilipatikana mwaka 1989, yeye keshazikwa miaka 30.

Makala yake ya mwisho kuhusu umeme wa mawingu ya radi ilitoka mwaka 1956, akiwa na miaka 87. Alifariki Novemba 15, 1959.

Sasa tuje kwetu. Msimu wa kuchagua mada za utafiti ukifika, pale vimbwetani maswali ni yaleyale: mada ipi inaisha haraka, nani ana dodoso la mwaka jana. Silaumu, boom lina mwisho na tarehe za kukusanya kazi hazisubiri. Wapo pia watakaosema Cambridge na hapa ni mbingu na ardhi. Ni kweli. Ila swali la Wilson halikutoka Cambridge. Alilipata kwa kutazama mawingu, na mawingu hata sisi tunayo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa mwaka wa tatu, kabla hujampelekea msimamizi ile mada ya kunakili, jiulize ni kitu gani umekiona kwa macho yako na hujapata wa kukueleza. Peleka hicho. Akikikataa, kiandike mahali, usikitupe.