Taa ya Umar na Mfuko Wetu

Tangu nikabidhiwe mfuko wa wahitaji wa jumuiya yetu hapa Lilongwe, namkumbuka sana Umar bin Abdul-Aziz, rahimahullah.

Alilelewa katika neema. Alipokuwa gavana wa Madina alijulikana kwa nguo za fahari na manukato. Aliposhika ukhalifa mwaka 99 Hijria (717), alibadilika. Alirudisha mali ambazo jamaa zake, Bani Umayya, walijitwalia. Mkewe Fatima akatoa vito vyake Baitulmali. Inasimuliwa kwamba akimaliza kazi ya umma huzima taa ya serikali, akawasha yake.

Lakini hakuishia kubana matumizi. Abu Ubayd, katika Kitab al-Amwal, anaeleza kwamba fedha zilipobaki Iraq, Umar aliagiza wenye madeni walipiwe, wasio na mahari waozwe, kisha wakulima wasio Waislamu wakopeshwe wapate kulima.

Hapo naikumbuka Dzaleka nilikokulia. Kambi hiyo ilifunguliwa 1994, ikapangiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamepita 50,000. Mafundi tunao, mtaji hawana, na sheria inawabana wasifanye kazi nje ya kambi. Unga wa msaada huliwa ukaisha. Cherehani hulisha nyumba.

Umar alifariki mwaka 101 Hijria, baada ya miaka miwili na ushei tu. Katika mkutano ujao nitapendekeza sehemu ya mfuko iwe mikopo isiyo na riba, na hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi. Wa kwanza kukaguliwa niwe mimi.